Hoteli ya utotoni si ile tena: niwapeleke wenzangu au niwaache na kumbukumbu zao?

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto watatu, nina umri wa miaka 52, ninaishi Kimara na ni mhasibu katika ofisi moja hapa Dar es Salaam. Jambo ninaloleta kwako linaweza kuonekana dogo mbele ya barua za ndoa na mirathi ninazozisoma katika safu yako, lakini limeninyima raha kwa wiki tatu sasa, na mke wangu amekwisha kuchoka kunisikiliza.

Tulikuwa watoto watano tuliosoma pamoja katika shule moja ya msingi ya Ilala tangu mwaka 1981 hadi tulipomaliza darasa la saba mwaka 1987. Upande wa Gerezani, katika mtaa wa nyuma, palikuwa na hoteli ya mzee mmoja ambaye sote tulimwita Babu, yenye meza nne za mbao, mabenchi badala ya viti, na birika kubwa jeusi ambalo sikumbuki kuliona likiwa limeteremshwa jikoni. Siku za Ijumaa Babu alipika pilau, na harufu yake ilitukuta tukiwa bado ng’ambo ya barabara. Fedha za kununua sahani hatukuwa nazo, ila mjomba wa mmoja wetu alikuwa mpishi pale, kwa hiyo tulizungukia mlango wa nyuma tukapewa ukoko uliofungwa kwenye gazeti, tukaula tumesimama huku vidole vikiungua. Mara chache sana, mmoja wetu alipopata fedha ya sikukuu, tuliingia ndani kama watu wazima tukagawana sahani moja watu watano.

Leo mmoja wetu anaishi Muscat, na imepita zaidi ya miaka ishirini tangu aondoke. Mwingine ni mkandarasi mwenye uwezo wake. Mwanamke pekee kati yetu ni muuguzi. Yule mwenye mjomba alikuwa dereva wa daladala, na kwa sasa hana gari la kuendesha. Wa Muscat anakuja likizo mwezi Desemba, nami ndiye niliyependekeza katika kundi letu la WhatsApp kwamba siku hiyo turudi kwa Babu tukale pilau. Wote walifurahi kupita kiasi. Wa Muscat akatuandikia kwamba bado anayo picha tuliyopigwa mlangoni pa hoteli tukiwa darasa la sita, Babu akiwa amesimama nyuma yetu na taulo begani, na kwamba ataitengenezea fremu amletee mzee mwenyewe.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa kuhakiki mambo kabla, Jumanne moja baada ya kazi nilipanda mwendokasi hadi Gerezani nikatembea kwa miguu kupatafuta. Nyumba ile imekuwa ghorofa. Hoteli ipo chini yake, ina marumaru nyeupe, viti vya plastiki, runinga kubwa inayoonyesha mpira wa Ulaya, na ukutani kuna picha za chipsi kuku na baga. Kijana aliyekaa kaunta aliniambia kwamba Babu alifariki mwaka 2019 na kwamba yeye ni mjukuu wake. Niliagiza pilau ya nyama, nikalipa shilingi 6,000. Wali ulikuwa umechambuka vizuri na nyama ililainika, lakini kuna kitu kilikosekana ambacho nilishindwa hata kukitaja. Nilikula nusu nikaisogeza sahani, na njia nzima ya kurudi Kimara nilijisikia kama mtu aliyetoka mazikoni.

Habari hizi nilimweleza mkandarasi peke yake. Hapo hapo akasema mambo ya kwa Babu tuyaache, twende katika hoteli kubwa ya ufukweni huko Masaki, kila mtu achange shilingi 150,000, na pungufu lolote atalifidia yeye. Usiku ule ule akabandika orodha kwenye kundi. Katika siku mbili majina manne yakawa na alama ya vema. Yule dereva aliandika “nitaangalia” na tangu hapo hajasema neno, ingawa ninaona kwamba ujumbe wetu anausoma. Wengine hawajaambiwa kwa nini tumebadilisha mahali, na wa Muscat bado anazungumzia picha yake.

Naomba ushauri wako. Je, niwaambie wenzangu kwamba hoteli ya Babu si ile tena na kuwavunjia kumbukumbu zao, au niache mpango wa Masaki uendelee, tule vizuri, na kwa Babu pabaki vichwani mwetu kama palivyokuwa?

Msomaji wa Kimara

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliona kwamba umetumia aya nzima kueleza sahani ya pilau iliyokosa kitu, na sentensi moja tu kumhusu mwenzenu aliyeandika “nitaangalia” kisha akanyamaza. Nadhani umeniuliza habari za hoteli kwa sababu ndilo swali jepesi kati ya mawili uliyonayo. Nitaanza nalo, kisha nitakwenda kwenye hilo jingine hata kama hukuniuliza.

Hiyo pilau uliionja Jumanne jioni. Yeyote aliyewahi kula katika hoteli zetu za Kariakoo, na hapa ninatumia neno hoteli kwa maana yake ya zamani ya mahali pa kula wala si pa kulala, anajua kwamba chakula kinachofuatwa ni cha mchana, na kwamba pilau ya kusifiwa ni ya Ijumaa watu wanapotoka msikitini. Ulichopewa jioni ile yaelekea kilipikwa saa sita kikapashwa moto. Zaidi ya hapo, Babu yako alipika kwa mkaa au kwa kuni. Wali ukikaribia kukauka sufuria ilifunikwa, makaa yakapaliwa juu ya mfuniko, chakula kikaiva kwa moto wa chini na wa juu, na moshi kidogo ukaingia humo pamoja na bizari, iliki na karafuu. Kijana wa sasa anapikia chini ya ghorofa lenye wapangaji, na bila shaka anatumia gesi. Usimlaumu kwa hilo. Serikali yenyewe imeweka mkakati wa mwaka 2024 hadi 2034 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na mimi niliyepuliza jiko la mkaa tangu usichana mpaka macho yakaniharibika sina hamu ya kumwona mtoto wa mtu akirudishwa huko ili mimi nipate ladha ya zamani.

Halafu kuna njaa. Miaka hiyo unayoikumbuka mimi nilikuwa mama wa watoto wadogo pale Magomeni, nikiamka kabla ya adhana kwenda kupanga foleni katika duka la ushirika kwa ajili ya sukari na sabuni. Wewe ulikuwa mtoto, huenda hukujua kwa nini ugali wa nyumbani kwenu ulikuwa wa njano. Ulikuwa ule unga wa mahindi ya msaada tuliouita unga wa Yanga kwa rangi yake. Hadi Mzee Mwinyi anaingia madarakani mwezi Novemba 1985, na hata baada ya hapo kwa muda, kwa familia nyingi wali ulikuwa chakula cha sikukuu au cha mgonjwa. Mtoto aliyekula ugali wa Yanga wiki nzima, akatembea kwa miguu kutoka Ilala hadi Gerezani katika jua la saa nane, kisha akakutana na harufu ya pilau, hana pilau nyingine atakayoila maishani mwake ikafanana na ile, na hakuna mpishi anayeweza kumpikia tena ile njaa. Pua nayo huzeeka kama magoti yanavyozeeka. Wataalamu wa ubongo wanaeleza kwamba harufu hupita njia fupi kuliko hisia nyingine kufika mahali panapotunzwa kumbukumbu na hisia za moyo, na ninaamini ndiyo sababu ulitoka pale kama mtu aliyetoka mazikoni: pua yako ilikwenda kumtafuta mtu ikamkosa.

Tena, mwanangu, kwa maelezo yako mwenyewe, pilau ya Babu hukuila sana. Ulikula ukoko. Ulikwenda Gerezani ukaagiza sahani ambayo utotoni uliionja mara chache tena theluthi na robo, ukashangaa kwamba haikukukumbusha kitu.

Kuhusu kuwaambia wenzako, waambie, na uwaambie wiki hii. Waeleze kwamba Babu alifariki mwaka 2019, kwamba mjukuu wake ndiye anayeendesha hoteli, na kwamba nyumba imejengwa upya. Ladha usiitaje kabisa, kwa sababu hiyo ni hukumu yako ya Jumanne na wao wana ndimi zao. Lakini kifo cha mtu si siri ya kutunziwa watu wazima. Mfikirie huyo wa Muscat amesafiri na picha yake ndani ya fremu, amefika Dar es Salaam na furaha zake, halafu anaambiwa mezani huko Masaki, kati ya kamba wa kuchoma na juisi, kwamba mzee alikwisha kuondoka miaka mingi na kwamba wenzake wawili walilijua hilo wakanyamaza. Akijua mapema, atakuwa na la kufanya. Sisi tunayo desturi ya kuhani, yaani kwenda kuwapa pole wafiwa, na anayehani hafungiwi mlango kwa kuwa amechelewa; atakwenda kumpa mkono wa pole yule kijana, atamkabidhi picha, na yawezekana kabisa kijana huyo, aliyezaliwa wakati ambao ninyi mlikwisha kutawanyika, hajawahi kumwona babu yake akiwa amesimama katika mlango wa zamani na taulo lake begani. Picha hiyo haijakosa mwenyewe.

Sasa nije kwenye orodha.

Orodha ya michango tunaijua sote. Imezika watu wetu na imeozesha watoto wetu, na sijui tungeishije mjini humu bila hiyo. Nguvu yake yote imo katika kuonekana: jina lenye alama ya vema linaonekana, na jina lisilo na alama linaonekana zaidi. Katika msiba au harusi ya watu mia mbili jambo hilo linavumilika, kwa sababu jina lako limejificha katikati ya majina mengi na kuna wenzako thelathini ambao pia hawajatoa. Katika chakula cha watu watano, ambapo wanne wametoa ndani ya siku mbili, orodha hiyo hiyo inakuwa bakora. Mwenzenu kila akifungua simu anaona jina lake liko uchi. Hawezi kuandika “sina” mbele ya watu waliokua naye, na hawezi kuandika “nitatoa” kwa sababu anajua hatatoa. Kwa hiyo ameandika neno ambalo kila Mtanzania analielewa. “Nitaangalia” maana yake ni kwamba hatakuja, na siku ikifika mtasikia ana mgonjwa Mbagala.

Mkandarasi amesema atafidia pungufu. Sina shaka kwamba alisema kwa moyo mweupe. Ninaye ndugu yangu wa namna hiyo, aliyekulia katika shida, Mungu akamfungulia, na sasa hana raha mpaka wale waliomwona akiwa na kaptula iliyotoboka wamwone akilipia meza nzima. Si ubaya, lakini ni mzigo kwa anayelipiwa, maana pungufu likiwa moja tu kila mtu mezani atajua ni la nani.

Ninaloona limekupita ni hili. Mlango wa nyuma wa Babu haukufunguliwa kwa ajili yako wala kwa ajili ya mkandarasi. Ulifunguliwa kwa sababu mpishi alikuwa mjomba wa yule mtoto, na yule mtoto angeweza kula ukoko wake peke yake, akashiba, akarudi nyumbani. Kwa miaka kadhaa aliwagawia wenzake wanne. Mkandarasi aliposema mambo ya kwa Babu muyaache, ninyi mliondoka mahali pekee ambapo huyu bwana alikuwa mwenyeji wenu, mkahamia mahali ambapo yeye ndiye pungufu.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mrudi kwa Babu, siku ya Ijumaa, baada ya swala. Pilau ikiwa nzuri mshukuru, ikiwa ya kawaida mle hivyo hivyo, kwa sababu ninalolipenda katika hoteli ile ni hiyo bei uliyoitaja kwa kupita tu. Sahani tano za shilingi 6,000 ni shilingi 30,000. Ongeza juisi na soda, piga 40,000 au 45,000. Wewe ni mhasibu, utakuwa umekwisha kuona kwamba hiyo haifiki theluthi moja ya mchango wa mtu mmoja wa Masaki. Wazo la kukutana lilikuwa lako, na kwetu aliyeita watu ndiye mwenyeji, kwa hiyo lipa wewe, yote, wala usimwombe mtu shilingi. Mwenzenu wa Muscat hatapata taabu na siku hiyo, kwani atakuwa likizo. Muuguzi ndiye wa kuarifiwa mapema ili apange zamu zake.

Kabla hujaandika lolote kwenye kundi, mpigie mkandarasi simu, au afadhali umfuate alipo. Usimsahihishe mbele ya watu, kwa sababu naye ana uso wake. Mwambie kwamba umefikiri upya, kwamba Ijumaa ile wewe ndiye mwenyeji, na umwombe arudishe michango na kuiondoa ile orodha yeye mwenyewe. Huenda akanuna kidogo. Akisema kwamba bado anataka kuwapeleka wenzake Masaki, mwambie ni jambo jema, awaalike usiku mwingine kwa jina lake na kwa mfuko wake, bila orodha. Kisha kwenye kundi andika maneno machache tu: Babu alifariki, Mungu amrehemu, mjukuu wake yupo, Ijumaa fulani saa nane tutakwenda kula kwake na kumpa pole, na mimi ndiye mwenyeji wenu.

Baada ya hapo mpigie simu dereva wenu. Nimesema simu, ujumbe atausoma na kunyamaza kama alivyosoma mingine. Usizungumzie fedha, usimuahidi nauli, wala usimwombe radhi kwa ajili ya orodha, kwa sababu ukiomba radhi utakuwa umemwambia kwamba mlimwona. Una jambo la kweli la kumwomba, nalo ni kwamba katika ninyi watano ni yeye tu aliyelijua jiko lile kwa ndani na anayeweza kumweleza kijana mjomba wake alikuwa nani. Mwombe muende wawili, Jumamosi yoyote kabla ya Desemba, mkajitambulishe kwa mjukuu na kumwambia kwamba Ijumaa hiyo mtakuja watu watano. Kama unaona unashindwa kumpigia, zungumza kwanza na muuguzi, ambaye katika barua yako umemtaja mara moja ukampita. Wanawake wa kazi hiyo huletewa habari za nyumba za watu, na sitashangaa akiwa anajua kuhusu ukimya huo zaidi yako.

Dereva akikwambia Ijumaa hiyo amepata kibarua, badilini siku.

Jambo dogo la mwisho ni la njia. Desemba inapokaribia Krismasi, Kariakoo haipitiki kwa gari, hivyo mkandarasi aache gari lake nyumbani. Kutaneni Mnazi Mmoja, mtembee pamoja hadi Gerezani, mfike mkiwa na njaa. Na mtakapokwenda wawili kumwona yule kijana, mwulizeni ukoko wa pilau huwa anaupeleka wapi. Akisema huwa anautupa, au anawapa vijana wanaoosha vyombo, mwombeni awawekee wa Ijumaa hiyo, na siku ikifika umwache mwenzenu aingie jikoni auchukue kwa mkono wake.